Risala Isiyo na Mkia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nashika shavu peke yangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, katika ukumbi wa parokia moja kule Saint-Josse, mjini Brussels, miaka ile ya tisini, mimi nikiwa msichana mwanafunzi ninayejiona najua kila kitu. Nimevaa kitenge kipya, nimesukwa nikasukika, nina kurasa sita mkononi. Nilisoma tano. Ya sita nikaikunja. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ningeweza kuishia hapo, ila ninyi watoto wa siku hizi mkiambiwa jambo kwa ufupi hamlishiki.

Nakuambia haya kwa sababu mama yako alinipigia simu jana kwa vifijo, eti Rehema kateuliwa kusoma risala mbele ya mgeni rasmi hapo chuoni kwenu, na mgeni rasmi mwenyewe kawapelekea vitenge mvae sare. Nikasema hongera. Nilipokata simu, moyo ulianza kunienda mbio kama mimi ndiye nitakayesoma. Basi vuta kiti. Chai imo kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, magoti yangu leo hayataki amri.

Mimi nilikwenda Ubelgiji kusoma historia. Msichana wa Kigoma, Kifaransa cha kubabaisha, koti la kuazima. Wenzangu Watanzania walikuwa wachache, wengi wao watu wa ubalozi, na mambo yao yalikuwa ya ubalozi. Walionipokea ni Wakongo wa Kivu. Waliposikia natoka ng'ambo ya ziwa walinifanya mtoto wa nyumbani, wakanicheka Kiswahili changu, eti nasema kama redio, nami nikawacheka chao.

Walikuwa na darasa, juu ya duka moja la vyakula hapo Saint-Josse. Kila Jumamosi mchana, mwalimu mstaafu wa Bukavu aitwaye Papa Silvestre alifundisha watu wazima kusoma na kuandika Kifaransa, nami nilimsaidia kwenye historia na jiografia. Darasa hilo lilikuwa na mlezi. Wenyewe walimwita Marraine, yaani mama mlezi. Alikuwa na saluni kubwa ya kusuka kule Matonge, hatua chache kutoka Porte de Namur, na kila kilichokuwamo darasani kilitoka mkononi mwake: ubao, meza, atlasi, kamusi, mpaka picha za mchoraji mmoja wa Kikongo aliyekosa pa kulala Brussels, ambaye Marraine alinunua kazi zake zote kwa mpigo ili ale. Alipenda michezo ya kuigiza, alipenda vitabu, alipenda watu wasome. Alikuja mjini bila neno la Kifaransa, akajifunza kwa kusikiliza redio huku anasuka. Nilimpenda sana, sikufichi. Koti langu la kwanza la baridi alininunulia yeye.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikuliona kwa mwaka mzima, nikiwa na macho mawili. Marraine alilianzisha darasa lile kwa ajili ya wasusi wake. Ndivyo alivyosema mwenyewe kila mahali: mabinti zangu wasome. Lakini darasa lilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku saluni inapofurika, watu wanasukwa kwa ajili ya arusi na ibada ya Jumapili. Wasusi hawakufika hata mmoja. Waliokaa kwenye zile meza walikuwa wake wa maofisa, wanafunzi, na waumini wa parokia. Nami nilifundisha pale kila wiki nikidhani wasusi hawapendi shule. Makubwa!

Ikakaribia sherehe ya kumshukuru Marraine. Akaniita saluni, akanikalisha, akasema ameona kwenye televisheni habari za malkia mmoja wa Urusi wa zamani.

"Mwanamuke mugeni," akaniambia, macho yanamng'aa. "Anafika mu inchi ya batu, anajifunza luga yao, anajenga mashule, ananunua matablo, ile mapicha ya kuchora, anaandika sheria mupya. Weye unasoma historia. Utaniandikia kitu juu yake na juu yangu. Utasoma mbele ya batu bote."

Nani angekataa? Nikaingia maktaba wiki mbili. Na huko ndiko nilikochanganyikiwa, mwanangu, na mpaka leo mvi zimenijaa sijachanganuka.

Kitabu cha kwanza kikaniambia: binti wa ukoo mdogo wa Kijerumani, aliletwa Urusi kuolewa akiwa kigoli. Aliamka usiku kukariri maneno ya Kirusi, akitembea peku kwenye sakafu ya baridi mpaka akaugua mapafu. Alinunua picha kwa shehena. Alianzisha shule ya wasichana wakati nchi nyingi hazikufikiri kama msichana anafundishika. Kulikuwa na mwanafalsafa mmoja wa Kifaransa aliyeishiwa hata akataka kuuza vitabu vyake. Malkia alivinunua vyote, halafu akamwachia avitumie mpaka afe, na mshahara juu. Ndui ilipowatisha watu, alitoa mkono wake kwanza achanjwe, raia waone. Nikasoma nikatokwa machozi maktabani, mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Kitabu cha pili kikaniambia: mwanamke huyo huyo alimpokonya mumewe kiti cha enzi, na mume hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Aliwaita wajumbe wa nchi nzima waje kujadili sheria mpya, akawaandikia mwongozo uliojaa maneno mazuri ya haki, lakini wakulima waliofungwa kwenye mashamba ya mabwana, ambao ndio walikuwa umati wenyewe, hawakuwa na mjumbe. Alipotaka kumzawadia kipenzi chake, alimpa vijiji pamoja na watu waliomo. Na mwaka ule ule alipokuwa akizungumza haki na wajumbe, wakulima walikatazwa kumpelekea yeye malalamiko juu ya mabwana zao. Mwandishi mmoja akaja kuandika mateso yao, akapelekwa Siberia.

Nikafunga kitabu. Nikakifungua. Nikarudi kwa kile cha kwanza kuona kama ni mwanamke mmoja. Ni mmoja! Nilitaka kumpenda, nikaona aibu. Nilitaka kumchukia, nikakumbuka zile nyayo peku kwenye sakafu ya baridi. Nikawa naingia kwenye treni ya chini ya ardhi napitiliza vituo. Nilimuuliza profesa wangu, akasema historia si mahakama. Nilimuuliza Papa Silvestre, akasema, "Andika yote, ma fille, mutoto yangu. Batu bana akili, watachagua benyewe." Basi nikaandika kurasa tano za sifa na mkanganyiko wangu nikauficha.

Ukurasa wa sita haukuwa wangu. Ulikuwa wa Maman Espérance.

Huyu alikuwa msusi wa saluni, mwanamke wa miaka arobaini hivi kutoka Bukavu, vidole vyepesi kuliko vya wote, mcheshi, anayesuka huku anaimba nyimbo za kanisani. Siku chache kabla ya sherehe nilikwenda kusukwa. Kichwa changu kiko mapajani mwake, Marraine yuko mbele anaongea na wateja, Espérance akaacha kuimba.

"Dada Zena," akaninong'oneza, "mi nasikia utasoma mbele ya batu. Nakuomba neno moja tu. Lundi."

"Lundi, yaani Jumatatu? Imefanya nini, Maman?"

"Lundi saluni inafungwa. Bamuombe Marraine masomo ihame Lundi. Njo vile tu." Yaani ndivyo hivyo tu.

Kumbe alikuwa amepata mlango. Kule Ganshoren, mtaa ule wa kimya upande wa kaskazini-magharibi wa mji, kulikuwa na nyumba ya kulea wazee, na mkuu wake alishamwona Espérance akimhudumia bibi mmoja wa parokia. Akampenda. Alimwambia kazi ipo, ila mwezi wa sita kutakuwa na mtihani, kwa sababu kila mhudumu lazima aandike ripoti fupi kwa Kifaransa: mzee kala nini, kalala vipi, kalalamika wapi panamuuma.

"Kusema, nasema," Espérance akasema. "Kuandika njo kunanishinda. Na magoti yangu, dada, inachoka. Miaka kumi na moja niko nasimama." Alinigeuza kichwa taratibu kama anayegeuza chungu jikoni. "Miezi ine ya Lundi, Papa Silvestre atanifikisha."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie Marraine mwenyewe. Akamaliza kwanza msuko mzima.

"Yeye njo alinileta hapa. Nilipopasuliwa tumbo, yeye njo alilala ku hospitali na miye. Utamwambia aje muntu wa vile kama unataka kumuacha?"

Nikamwahidi. Nikaapa, haki ya Mungu vile, Maman, nitalisema. Usiku huo huo nikaandika ukurasa wa sita, sentensi moja tu katikati ya karatasi, ili nisiipoteze kwenye msitu wa maneno. Papa Silvestre akaisahihisha risala yote, akaweka kurasa sita ndani ya bahasha.

Ijumaa ikaja zawadi. Marraine kanitumia kitenge, wenyewe wanakiita kikwembe, cha buluu na maua ya manjano, doti nzima, kimeshashonwa kwa kipimo changu. Nilifurahi nikazunguka mbele ya kioo mpaka mwenzangu wa chumbani akanifokea. Nilidhani ni zawadi tu. Kesho yake naingia ukumbini, namwona Marraine katika kiti chake cha mbele. Buluu. Maua ya manjano. Ukumbi mzima watu karibu mia, na tuliovaa hivyo ni wawili, mimi na yeye.

Wewe unajua sare inasema nini, umezaliwa nayo. Sare inasema huyu ni wa upande ule. Watu wakanipisha njia. Mama mmoja akaniambia, "Leo uko mutoto yake kabisa!" Mimi nikachekelea. Kichwa kikavimba.

Wasusi waliingia wamechelewa, maana ilikuwa Jumamosi, hata siku hiyo saluni ilifungwa saa moja tu kabla. Walikaa viti vya nyuma kabisa. Espérance alinitafuta kwa macho akanipata. Akakitazama kile kitenge, juu mpaka chini. Akainamisha uso, akaanza kukunja leso yake. Sikuwa nimesoma hata neno moja, lakini yeye alikuwa ameshamaliza kusikia.

Nikasoma. Loo, nilisoma! Nilieleza yule malkia alivyokwenda peku, ukumbi ukasema "ayii!" Nilieleza vitabu vya yule mwanafalsafa, watu wakapiga makofi. Nilieleza Marraine na redio yake, Marraine akatoa kitambaa akajifuta machozi. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa tano, ukumbi ulikuwa umenyamaza kwa raha, na mimi nikatazama karatasi ya sita, ile sentensi moja imekaa katikati. Niliona kama nikiisoma nitakuwa nimemvua yule mama nguo mbele ya watu, na nguo yenyewe nimeivaa mimi. Fikra zikanivuruga: huenda ni utovu wa adabu, huenda nimwambie pembeni kesho, huenda Espérance mwenyewe kabadili nia, mbona hanitazami? Na chini ya fikra zote hizo kulikuwa na jambo moja dogo la aibu: nilitaka kupendwa. Nikaikunja karatasi.

Marraine akasimama kujibu. Kabla hajaanza, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bon. Njo mwisho?"

"Ndiyo, Marraine," nikasema. "Ndio mwisho."

Akakaa kidogo ananitazama. Halafu akashukuru, akaahidi vitabu vipya na kikundi cha maigizo, tukala kuku, tukacheza. Nilimkuta Espérance mlangoni anavaa koti. Nilitaka kumwambia jambo. Akanyoosha mkono akaugusa msuko mmoja sikioni kwangu, akaurudisha mahali pake.

"Ulivaa muzuri, dada," akasema. Akatoka kwenye baridi.

Wiki iliyofuata Papa Silvestre aliningoja darasani kabla watu hawajafika. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kupaza sauti hata kwa mtoto.

"Ma fille, nilisahihisha kurasa sita. Nilisikia tano."

"Papa, muda ulikuwa umekwenda."

"Muda? Kuku tulimukula masaa mbili." Akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. "Ulinieleza kama yule malkia alikataza bakulima kumuletea malalamiko yao. Bon, ni malkia, ana jeshi. Na weye, nani alikukataza?"

Nani alinikataza? Hakuna. Yule malkia alilizuia ombi kwa amri. Mimi nililizuia la mwenzangu kwa vidole vyangu mwenyewe. Papa Silvestre akaniambia niende kwa Marraine siku hiyo hiyo nikaseme.

Nilikwenda siku hiyo hiyo? Thubutu! Aibu, mwanangu, ni kitu cha ajabu. Ukishakosea inakupa kazi ya kujificha, na kujificha ndiko kunakolikuza kosa. Nikaanza kufunga kilemba nisisukwe. Nikazunguka mtaa mzima nisipite mbele ya saluni. Mwezi wa tatu ukaisha, wa nne ukaisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha uchi wa mtu mwingine, mzaaji mwenyewe akihesabu miezi.

Mwezi wa tano nikajikaza. Nilimkuta Marraine nyuma ya saluni anapanga mafungu ya nywele za bandia. Nikatoa ile karatasi, ina mikunjo kama uso wangu ulivyo leo, nikamsomea. Akaniacha nimalize. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akacheka, kicheko cha kuchoka.

"Weye si wa Kigoma?" akasema. "Miye nilifanya biashara Kigoma, zamani, mbele sijafika hapa. Bamenialika mu masherehe yenu mingi. Risala yenu ninaijua. Batu banakusifu, banakusifu, halafu kule mwishoni banaleta maombi. Risala iko na mukia. Mugeni anasimama, bote banamuangalia, atakataa aje?" Akaliweka fungu la nywele chini. "Siku ile nilingoja mukia. Nilikuuliza, njo mwisho? Jibu nilikuwa nalo hapa." Akagusa kifua, pale ambapo maua ya manjano yangekuwa.

"Ungekubali?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto.

"Mbele ya batu nilikuwa Marraine. Hapa niko muntu wa biashara, na Espérance njo mukono wangu wa kuume. Alors, unaniomba nikate mukono wangu, hapa kati ya manywele, batu hawaone?" Akatikisa kichwa. "Mambo ya pale ilibaki pale."

Nilitoka nikasimama kwenye kituo cha Porte de Namur, watu wananipiga vikumbo, sijui niende upande gani. Alikuwa anasema kweli? Au ni maneno ya wenye nguvu, ambao wakati ukishapita kila mmoja wao angekubali? Yule malkia naye, angetokea mtu mmoja wa kumwambia katika ule mkutano mkubwa, mbele ya wajumbe wote, angesema ndiyo, au angempeleka Siberia? Sijui. Nimezeeka sijui. Nimefundisha historia miaka yote hii hapa nchini, na kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza, "Mwalimu, sasa huyu alikuwa mwema au mbaya?" Huwa nafuta ubao.

Nilimfuata Espérance nikamwomba radhi na kumwambia nitamfundisha mwenyewe. Hakunikatalia. Tulikaa Jumapili tatu baada ya ibada, yeye na daftari, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kwa bidii. Tatu! Alihitaji kumi na sita. Mwezi wa sita akaenda Ganshoren kwenye mtihani, akarudi jioni saluni, akavaa aproni yake. Alishindwa. Alikuwa ameandika jina la mgonjwa, saa ya kuamka, na nusu ya chakula cha asubuhi, muda ukamwishia. Kazi akapewa mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na ndoo niliipiga teke mimi.

Mwezi wa tisa, darasa lilipofunguliwa, tukakuta karatasi mlangoni, mwandiko wa Marraine: kuanzia sasa, Lundi. Hakuna aliyemwomba tena. Hakueleza neno, wala mimi sikuuliza. Unaona? Kila nilipotaka kumweka mahali pamoja nimhukumu nilale, alihama. Lundi ya kwanza mtu wa kwanza kufika alikuwa Espérance, na akakaa meza ya mbele.

Mlango wa Ganshoren haukufunguka tena nikiwa kule. Nilimwacha bado anasimama, mwaka wake wa kumi na nne huo. Siku naondoka kurudi nyumbani alikuja uwanja wa ndege na karanga na bahasha, akanikataza kuifungua mpaka ndege iruke. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari, herufi kubwa kubwa, zimebanwa mstarini kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Barua yake ya kwanza maishani, na hakuiandika kwa Kifaransa, aliiandika kwa Kiswahili chao. Ninayo, imo kwenye Msahafu wangu, lete nikusomee. Karatasi yenyewe usiiguse, inachanika.

"Dada Zena, mi naandika sasa. Siku ile ulivaa muzuri, lakini ulisoma mufupi. Mi nakupenda."

Nililia kutoka Brussels mpaka Dar es Salaam, mhudumu wa ndege akaniletea maji mara nne.

Basi, Rehema, nasaha yangu ni hii, na uishike kwa mikono miwili. Kitenge kivae. Sikwambii uwe jeuri, wala usimdharau mtu aliyetoa chake. Asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hashukuru. Msifu mgeni wako sifa zake zote za kweli, usimpunje hata moja. Lakini wenzako waliokutuma walikupa na ombi lao, la maji bwenini au la taa au la chochote kile, na hilo si lako ulikate. Usimhukumu mkubwa kwamba atakataa kabla hajasikia, na usijidanganye kwamba atakubali. Hilo ni lake. Lako ni kufika ukurasa wa mwisho, siku yenyewe, mbele ya watu wenyewe, kwa sababu neno likipitwa na siku yake huwa karatasi tu. Na ukikosea, maana wewe ni binadamu, usijifiche hata wiki moja. Nenda uso ukiwa bado umekuiva kwa aibu.

Sasa njoo nikushike kichwa. Mungu akulinde na utamu wa makofi, mwanangu. Akupe sauti ifike mpaka viti vya nyuma, kwa wale walioingia wamechelewa kwa sababu ya kazi. Na ukimaliza, mgeni rasmi akikuuliza kama ndio mwisho, Mwenyezi Mungu akujalie useme ndiyo, na iwe kweli.